Msaliti Ambaye Hakuwapo Kidato cha Sita

Vijana mnaopangiwa kufundisha Historia huku kwetu, naanza na onyo moja. Darasa likisema "tumeelewa, Madam" kwa sauti moja, msiliamini. Sauti moja ni dalili ya watu waliokubaliana, si ya watu walioelewa. Aliyeelewa huwa na swali, au huwa na uso wa mtu aliyekwazika.

Nimesimama mbele ya ubao kuanzia Mhunze, kule Kishapu, hadi shule iliyo nje kidogo ya mji wa Geita nilikostaafia mwaka jana. Katika mada zote nilizofundisha, iliyonizoesha kushuku ni ile ya wafalme wa kiimla wa Ulaya. Ni mada inayoonekana ya mbali: Ufaransa, Urusi, Hispania, wanaume wenye nywele za bandia na viatu vya visigino. Mwanafunzi anadhani haimhusu, na mwalimu naye anadhani hivyo hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza Mhunze niliifundisha kwa kunakili. Nilijaza ubao: mfalme hana bunge la kumzuia, mfalme anadai mamlaka yake yametoka kwa Mungu, mfalme ana jeshi la kudumu. Wakanakili, nami nikaridhika. Mtihani ulipokuja, karibu wote wakaandika kwamba mfalme wa Ufaransa alikuwa kama ntemi, yaani chifu wa Kisukuma. Nikawakata wote kwa kalamu nyekundu.

Mkuu wa idara yetu alikuwa Mwalimu Ndaki, mzee mwembamba aliyetembea na daftari la jalada gumu kwapani. Alilipitia lile rundo la karatasi, akaniuliza kama niliwauliza wanafunzi kwa nini wameandika hivyo. Sikuwa nimewauliza. Akaniambia nimesahihisha majibu ya watu nisiowajua.

Kesho yake nikauliza. Kijana mmoja, mtoto wa wafugaji, akasimama akaeleza kwamba babu yake alimsimulia habari za ntemi: alizungukwa na wazee, na mvua zikikataa msimu wa kwanza na wa pili, wazee hao waliweza kumwondoa. Kisha naye akaniuliza: "Huyo wa Ufaransa, mvua ikikataa, nani anamwambia aondoke?"

Mwalimu Ndaki, aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa, aliandika swali hilo kwenye daftari lake. Baadaye akanipa ushauri ambao nawapa ninyi kama ulivyo: usifundishe taji, fundisha mlango. Nani anaingia chumbani kwa mfalme asubuhi, nani anabaki nje, na huyo aliyebaki nje anafanya nini ili kesho aingie.

Nikaanza kufundisha mlango. Mfalme yule wa Ufaransa aliyejifananisha na jua aliwakusanya waungwana wake kwenye kasri lake, ambako angeweza kuwaona kila siku. Wakawa wanashindana kumshikia mshumaa au kumpa shati anapoamka. Mtu mwenye mashamba na askari wake, anagombea shati. Msieleze hilo kwa maneno. Wekeni kiti kimoja mbele ya darasa, wengine wote wasimame. Choreni mistari mitatu ya chaki sakafuni, kila mtu apewe mstari wake. Msiwape maneno ya kusema. Wapeni mahali pa kusimama tu. Baada ya dakika kumi, aliye mstari wa tatu ataanza kumchongea aliye mstari wa pili, na hakuna aliyemtuma.

Watoto wa machimboni ndio walioshika haraka kuliko wote. Msichana mmoja wa Kahama, nyumbani kwao upande wa Buzwagi, aliniambia hayo yote ameyaona kwa mwenye duara, yaani mwenye shimo la dhahabu. Kuna anayemshikia simu, kuna anayemfungulia mlango wa gari, na kuna anayemnong'oneza nani kaficha jiwe mfukoni. "Tofauti ni moja, Madam," akasema. "Wa kwetu hana wigi."

Na mkifika kwa yule mfalme wa Urusi aliyewalazimisha watu wake kunyoa ndevu, jiandaeni. Jumatatu moja mwalimu wa zamu alipita akikagua ndevu za vijana wa kidato cha sita, na mmoja wao akauliza kwa upole kama shule imehamia Urusi. Alifyeka nyasi siku mbili. Swali la Urusi kwenye mtihani alilipata lote.

Sasa nieleze kosa langu.

Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nilikuwa na darasa zuri la kidato cha sita, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa darasa. Mistari ya chaki ilikuwa imefanya kazi vizuri mno, nikataka kuongeza. Nilitaka waonje shaka, kwa sababu mfalme wa kiimla hatawali kwa jeshi peke yake. Hutawala kwa kila mtu kumwangalia jirani yake kwa jicho la pembeni.

Tulipiga kura ya bahati kupata mfalme, ikamwangukia Neema, binti wa muuza vitenge wa Kalangalala, hapo mjini Geita. Darasa lilicheka. Yeye akaenda kukaa kwenye kile kiti kana kwamba alizaliwa juu yake, akaomba mtu amfungie kamba ya kiatu. Wawili wakainama.

Nikawaambia hivi: kati yenu nimemchagua mmoja kwa siri awe msaliti, anapanga kumpindua Mfalme Neema. Kwa siku nne, kila mmoja anaruhusiwa kumwandikia mfalme barua iliyofungwa, kumtaja anayemshuku na sababu zake. Mfalme naye anaweza kumpeleka yeyote kwenye dawati la nyuma bila maelezo, kama mfalme wa Ufaransa alivyoweza kutoa barua yenye muhuri na mtu akaingia gerezani bila kesi.

Ukweli ni kwamba sikumchagua mtu. Nilikusudia siku ya nne niwaambie: mmeona, msaliti hakuwapo, na bado mmempata. Nilijiona mjanja.

Walimpata siku ya pili. Alikuwa Masele, kijana mrefu aliyehamia kwetu akiwa kidato cha tano, baba yake mchimbaji. Barua ya kwanza ilisema anakaa kimya sana. Mfalme Neema akampeleka nyuma. Huko nyuma akazidi kunyamaza, kwa hiyo barua zikazidi. Siku ya tatu hakuna aliyekaa naye wakati wa uji. Bahasha ya kaki ya Neema ikajaa, na karibu kila barua ilikuwa na jina moja. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu, naandika nilichokiona kama mwandishi wa habari aliyepata habari nzuri. Hata hilo la uji niliandika.

Siku ya nne ilifika, kipindi changu hakikufika. Asubuhi hiyo walimu tuliitwa kikao cha dharura: betri za sola za maktaba zimeibwa. Vipindi vikafutwa. Nikasema nitawaambia wanafunzi ukweli wiki ijayo, mambo yakitulia.

Ninyi mliokulia mbali na huku huenda hamjui desturi ya kura ya siri. Ng'ombe wakiibwa na mwizi asijulikane, kijiji kizima huitwa mkutanoni. Kila mtu anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku, anakitumbukiza kwenye sanduku. Majina yanasomwa. Anayetajwa na wengi ana kazi ya kujieleza mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi, na mara nyingine hapati hata nafasi hiyo. Shule nyingi zimeiiga. Mkuu wetu wa shule, mtu wa utaratibu ambaye walimu wazima walipunguza sauti akipita korido, aliitangaza paredi ya Jumatatu. Aliongeza kitu kimoja: kila mmoja aandike jina na sababu. Katoni ya chaki ikafungwa kwa gundi, ikatobolewa juu, ikawa sanduku.

Kabla ya saa sita mchana Masele alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu.

Mwelewe hatari aliyokuwa nayo. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza chini ya wiki sita. Mkuu alisema barua ya kumsimamisha masomo itatoka Ijumaa. Masele alikuwa wa bweni, na nyumbani kwao ni kambi ya wachimbaji. Kule kijana mwenye kimo kile akifika mchana, kabla ya jioni ana kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Nimeona waliorudi nyumbani "kwa muda". Hakuna niliyemwona tena na kalamu.

Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wake wa darasa, Mkuu alinipa zile karatasi za kura nizipange na kuandika taarifa. Nilikaa kwenye meza ndogo dirishani ofisini kwake, nikazisoma zote, moja baada ya nyingine. Sikuangalia majina, maana jina nililijua. Niliangalia sababu. Anakaa kimya. Anatembea peke yake. Hali chakula na wenzake. Anaangalia sana nje. Baba yake yuko machimboni, na machimboni betri hazikosi mnunuzi.

Hakuna hata mmoja aliyeandika: nilimwona.

Na sababu hizo nilikuwa nimeshazisoma. Zilikuwa kwenye ile bahasha ya kaki ya Neema, niliyoihifadhi kwenye droo yangu, karibu neno kwa neno. Kidato cha sita walizipeleka bwenini, bweni likazipeleka shule nzima. Shule haikuwa imemtafuta mwizi wa betri. Ilikuwa imeulizwa jina, ikatoa lililokuwa tayari. Na Masele alikuwa kimya kwa sababu yetu, na hakula na wenzake kwa sababu yetu.

Nikaandika taarifa ya nusu ukurasa isiyosema lolote, nikaenda nyumbani. Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Nilijiambia kwamba Mkuu atadhani nilikuwa namfanyia dhihaka yeye, na mtu aliyebakiza miaka miwili hatafuti maneno. Hizo zilikuwa sababu zangu, na mkizitazama vizuri ni sababu za mtu aliyesimama kwenye mstari wa pili.

Alhamisi akaja baba yake Masele. Alikuwa na vumbi la mawe kwenye nyusi, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Aliniamkia shikamoo ingawa tulikuwa karibu rika moja, akamwamkia na Mkuu, akakaa alipoonyeshwa. Akauliza mwanawe kaiba nini. Mkuu akamwambia betri. Akauliza nani kamwona. Mkuu akasema imepigwa kura ya siri.

Yule baba alitazama mikono yake.

"Kura ya siri naijua, Mkuu," akasema. "Mdogo wangu alitajwa, kule kijijini kwetu. Akaondoka usiku ule ule. Ng'ombe walikuja kuonekana wenyewe mtoni. Yeye hatujamwona hadi leo."

Mkuu akasema anasikitika, lakini shule ina taratibu zake. Hapo nikasimama. Nikaomba ruhusa, nikaenda ofisi ya walimu, nikarudi na bahasha ya kaki. Nikaimwaga mezani kando ya karatasi za kura, nikamwomba Mkuu asome sababu tu, asisome majina.

Hakusoma. Aliniangalia mimi kwanza.

"Habari za darasa lako zimenifikia muda mrefu," akasema. "Kuna kiti, kuna mistari, kuna barua za kufungwa. Huyo mfalme asiyeulizwa kitu, Madam, ni nani?"

"Ni Neema, Mkuu. Wa Kalangalala."

"Nakuuliza kwa heshima."

"Nami nakujibu kwa heshima. Ilipigwa kura ya bahati."

Nilitambua wakati huo kwamba katika darasa langu kulikuwa na mtu anayempelekea habari, na kwamba kwa majuma mengi Mkuu alikuwa akinishuku kuwa mfalme wangu ni yeye. Lakini alisoma. Alisoma barua moja, kisha kura moja, kisha barua, kisha kura, kwa kidole, kama mtu anayelinganisha sahihi. Ilichukua muda. Mwishoni akauliza msaliti niliyemchagua alikuwa nani.

"Sikumchagua mtu," nikasema.

"Hukumchagua?"

"Msaliti hakuwapo. Nilitaka waone kwamba watampata hata asipokuwapo."

Baba Masele alikuwa akifuatilia midomo yetu, anageuka huku na huku. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo Madam, wewe ndiye uliyemtaja mwanangu?"

"Sikumtaja, baba."

"Uliwaambia watafute."

Katika miaka yote ya kazi, hakuna mkaguzi aliyewahi kulieleza somo langu kwa ufupi namna hiyo.

Mkuu aliamua pale pale. Barua ya kumsimamisha Masele haitatoka. Mimi niandike maelezo, na Ijumaa nisimame paredini niiambie shule nzima nilichokifanya. Niliandika. Nikasimama. Kueleza kosa lako mbele ya wanafunzi mia kadhaa wenye jua usoni si jambo la dakika mbili, ingawa dakika mbili ndizo nilizopewa. Walinisikiliza kimya, na kimya kile sikukiamini. Baadaye Neema alikuja mlangoni kwangu akaniuliza kama mfalme naye anaandikiwa onyo. Nikamwambia hapana, anaandikiwa mwalimu. Akasema, "Lakini mimi ndiye niliyempeleka nyuma." Nikamwambia aende akamwambie Masele mwenyewe. Alienda.

Barua ya onyo niliipata wiki iliyofuata, na niliistahili. Masele aliruhusiwa kurudi dawati lake la mbele. Hakurudi. Alibaki nyuma hadi siku ya mtihani, na polepole wenzake wawili watatu wakahamia huko aliko.

Betri hazikupatikana. Nina shaka yangu kuhusu aliyezichukua, tena ina sababu nzuri kuliko zote zilizokuwa kwenye lile sanduku, na sitaiandika hapa. Sikumwona.

Mkitaka kulifanya zoezi la msaliti, fanyeni. Hakuna somo linaloingia haraka kama hilo. Lakini lianze na kuisha ndani ya kipindi kimoja. Kabla ya kengele kulia, waambieni ukweli, na barua zote zichanwe mbele yao. Msitumie majina yao. Wapeni majina ya waungwana wa Ufaransa, wacheke wanavyoyatamka. Na mkijikuta mnaandika kwenye daftari kwamba mtoto fulani amekula uji peke yake, wekeni kalamu chini mwende mkakae naye. Hilo sikulifanya.

Siku ya mwisho ya mtihani Masele aliniletea fomu ya kukabidhi vitabu niisaini. Alikuwa ameshafunga begi lake. Nilimuuliza ataenda wapi kusubiri matokeo, akasema kwa shangazi yake Shinyanga mjini, baba hataki aonekane machimboni. Nikafurahi. Kisha udadisi ukanishinda, nikamuuliza kama siku ile ya kura na yeye alipewa karatasi.

"Nilipewa, Madam."

"Uliandika jina la nani?"

"Lako."

Nikamuuliza sababu aliyoiandika.

"Niliandika kwamba tukitafuta msaliti, kila mtu anamwangalia mwenzake. Madam peke yake haangalii mtu. Anaandika tu."

Nikasaini fomu. Akanishukuru kwa kichwa, akaenda kwenye lango walikokuwa wakimsubiri wenzake.

Nilibaki na kalamu mkononi. Karatasi za siku ile nilizisoma zote, moja baada ya nyingine, na sababu hiyo haikuwamo. Ina maana Mkuu alikuwa ameitoa kabla hajanikabidhi. Alikuwa na jina langu mfukoni siku zote tatu nilizonyamaza, na Alhamisi ile aliposema anauliza kwa heshima alikuwa nalo bado. Huenda aliitoa ili kunisitiri. Huenda aliitoa ili aiweke akiba dhidi yangu.

Siku niliyokabidhi ofisi, miaka miwili baadaye, nilimaliza kuagana na walimu, mwishoni nikaenda kwa Mkuu. Tulizungumza vizuri, akanitakia mapumziko mema, akanisindikiza hadi mlangoni. Hapo nikamuuliza kama kulikuwa na karatasi yenye jina langu.

Alitabasamu, akanishikia mlango.

"Kura ni siri, Madam," akasema.